Pampu mbili mpya na gari bado linazima: kisa cha tangi lililokosa hewa

Gari ni Toyota ndogo ya milango mitano, injini 1NZ-FE ya lita 1.5, ya mtumba kutoka Japani kama nyingi tunazopishana nazo kila siku. Mwenyewe ni mama mfanyabiashara wa Dodoma anayekwenda Singida mara kwa mara. Anapanda na vitenge na bidhaa za dukani, anashuka na madumu ya mafuta ya alizeti. Lilipofika kwangu lilikuwa limeshabadilishiwa pampu ya petroli mara mbili, relei ya pampu, plagi zote nne na filta ya mafuta. Fundi wa mwisho alikuwa ameanza kuzungumzia kompyuta ya gari. Na bado lilikuwa linazima.

Malalamiko yake yalikuwa haya: "Fundi, hapa mjini halina shida kabisa. Likishapita Bahi, tukianza kupanda mlima wa Saranda, linakosa nguvu, linashtukashtuka, linazima. Tukikaa nusu saa linawaka kama halijawahi kuugua."

Kwa maelezo hayo, fundi yeyote ataitazama pampu kwanza, na simlaumu aliyebadilisha ile ya kwanza. Pampu ya umeme iliyochoka huwa hivyo hasa. Brashi zake zikishalika, ikipata joto inapoteza nguvu, ikipoa inarudi. Gari linapanda mlima, injini inadai petroli nyingi, pampu inashindwa, gari linazima. Kila kitu kinaingia mahali pake. Ninachokataa ni pampu ya pili. Kifaa kipya kikifungwa na ugonjwa ukabaki vilevile, bila kupungua wala kubadilika, hilo lenyewe ni jibu la kipimo. Kufunga kingine kipya juu yake ni kulikataa jibu ulilokwisha kulipata, tena kwa fedha ya mteja.

Kabla ya kushika spana niliwauliza wao wawili, mama na kijana anayeliendesha, mambo machache. Wanaondoka saa ngapi? Mama akasema wakiondoka alfajiri saa kumi gari halina neno, wakiondoka saa saba mchana lazima lizime. Petroli huwa kiasi gani? Wanajaza tangi sheli hapa mjini kabla ya kuanza safari. Kisha kijana akaongeza jambo ambalo hakuliona la maana: siku moja lilizima mlimani, akadhani geji ya mafuta inadanganya, akafungua tangi akamimina lita tano alizokuwa nazo kwenye dumu. Likawaka hapohapo, bila kusubiri. Tangu siku hiyo walikuwa wanaamini geji ya mafuta ni mbovu, na mafundi wawili walikuwa wameambiwa habari hiyo na kuipuuza.

Mimi nilishika hapo. Gari ambalo kwa kawaida linahitaji nusu saa lipoe liliwaka kwa dakika mbili, na tangi halikuwa tupu. Kwa hiyo lita tano hazikuleta kitu ambacho hakikuwepo. Ila ili kuzimimina, kijana alifungua mfuniko.

Nilifunga geji ya presha kwenye njia ya petroli. Injini hii haina mahali maalumu pa kuchomeka geji, inabidi kuweka kiungo cha njia tatu kati ya paipu na reli ya sindano (bomba linalogawa petroli kwa sindano zinazoipulizia injini), kisha mpira wa geji unatolewa nje ya boneti na kufungwa kwa utepe juu ya kioo cha mbele, upande wa nje. Usiingize geji yenye petroli ndani ya gari hata kama mvua inanyesha. Presha inayotakiwa kwa injini hii ni kilopaskali 304 hadi 343. Pale gereji ilisoma 325, injini ikiwa baridi, ikiwa moto, ukikanyaga, ukiachia. Nilipima umeme unaofika kwenye pampu, haukupungua. Ampea zilikuwa za kawaida kwa pampu ya aina hii. Kwa vipimo vya gereji, gari lilikuwa zima kabisa, na ndivyo walivyoliona waliotangulia, maana walikuwa wanalijaribu jioni, mjini, kilomita chache.

Tukajaza tangi saa sita mchana, tukaenda Bahi.

Kwenye tambarare sindano ya geji ilikaa palepale 325. Kabla ya Kintinku ikaanza kushuka taratibu, 315, 310, mabadiliko ambayo ukiwa na haraka utayapuuza. Sauti ya pampu chini ya kiti cha nyuma ikapanda, ikawa kama inalia. Tulipoanza mlima sindano ikaanza kutetemeka, ikaanguka chini ya 200, ikapanda, ikaanguka tena, na gari likaanza kushtuka vilevile kama mama alivyosema. Tukasimama pembeni. Nilichukua kipande cha tishu, nikakishika karibu na mdomo wa tangi, nikamwambia kijana afungue mfuniko polepole. Ukasikika mlio mrefu wa hewa, na tishu ikavutwa kuelekea ndani.

Huo upande tishu ilikoelekea ndio kiini cha kisa kizima. Ukifungua mfuniko wa gari lililosimama juani ukasikia *psss*, kwa kawaida ni mvuke unatoka, na kiasi kidogo si ugonjwa. Hewa ikiingia kwa nguvu maana yake ndani ya tangi kuna vakyumu: petroli na mvuke vimenyonywa na hakuna kilichoingia kuziba nafasi. Wengi wanasikia mlio, hawaangalii upande. Tuliwasha gari. Likawaka kwa mpigo mmoja, sindano ikarudi 325.

Hapa inabidi nieleze tangi linavyopumua.

Petroli haikai kimya. Hata gari likiwa limezimwa inatoa mvuke, na jua la Dodoma likipiga bati, mvuke unakuwa mwingi. Zamani mvuke huo uliachwa uende zake hewani. Walioufuatilia walikuwa watu wa California, kwa sababu Los Angeles ilikuwa inafunikwa na ukungu mchafu unaowasha macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu ule unazaliwa pale mvuke wa petroli ambayo haijaungua na oksidi za naitrojeni vinapopigwa na jua. Magari ya mwaka 1970 yaliyouzwa California yalitakiwa yawe na mfumo wa kuuzuia mvuke wa tangi, na mwaka uliofuata sharti hilo likawa la Marekani nzima. Leo karibu kila gari la petroli linalotoka kiwandani lina mfumo huo, pamoja na hizi za mtumba tunazoziendesha.

Kifaa chenyewe ni kopo jeusi la plastiki lililojaa mkaa maalumu wenye vinyweleo vingi mno. Lina midomo mitatu. Mmoja unapokea mvuke kutoka tangini. Wa pili unakwenda injini, na katikati ya njia hiyo pana vali ya umeme inayoamriwa na kompyuta. Wa tatu uko wazi kwa hewa ya nje. Gari likiwa limesimama, mvuke unaingia kwenye kopo, mkaa unaunasa, hewa inayotoka kwa mdomo wa tatu haina petroli. Gari likiwa linatembea na injini imeshapata moto, kompyuta inaifungua ile vali kwa vipindi vifupivifupi, injini inanyonya, hewa safi inaingia kwa mdomo wa tatu, inapita mkaani, inaung'oa ule mvuke na kwenda kuunguzwa pamoja na petroli nyingine. Mkaa unabaki mtupu, tayari kwa usiku mwingine. Na petroli inapopungua tangini, hewa ya kuziba nafasi yake inaingia kwa mdomo huohuo wa tatu.

Sasa fikiria mdomo wa tatu umezibwa. Injini inaendelea kunyonya kama kawaida, maana kompyuta ya gari hili haina kipimo cha presha ya tangi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yana kipimo hicho na taa ingewaka, lakini mengi ya soko la Japani hayana, kwa hiyo mashine ya kusomea namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari haikuonyesha kitu. Tangi linanyonywa kama mtoto anavyonyonya chupa ya maji ya plastiki mpaka inajikunja. Gari likienda mwendo wa kawaida kwenye tambarare ndipo mvuto wa injini unakuwa mkubwa na vali inafunguliwa sana. Kwa hiyo ni ile barabara iliyonyooka ya Bahi iliyokuwa inaliua gari. Saranda ilikuwa mahali pa kuangukia tu. Ukikanyaga mafuta kupanda, mvuto wa injini unapungua, vali inafungwa, na vakyumu inabaki imefungiwa ndani ya tangi wakati ambapo pampu inadaiwa kazi kubwa kuliko wakati wote.

Pampu inaumiaje? Petroli ikiwa ndani ya vakyumu inachemka mapema. Usawa wa bahari hewa inakandamiza kwa kilopaskali kama 101. Ukiwa juu ya mita elfu moja, kama huku kwetu, ni chini ya 90. Toa hapo vakyumu ya tangi, ongeza joto la mchana na petroli mbichi ya sheli ambayo bado ina zile sehemu nyepesi zinazopaa upesi, unapata petroli inayotoa mapovu palepale mdomoni mwa pampu. Pampu imeundwa kusukuma kimiminika. Ikimeza mapovu presha inaanguka, na inapoteza pia kinachoipoza na kuilainisha, kwa sababu petroli inayopita ndani yake ndiyo mafuta yake ya kulainisha. Kule kulia kwake ndiko huko. Na nusu saa ya kusubiri haikuwa ya kuipoza pampu. Ilikuwa nafasi ya hewa kupenya kidogokidogo kwa vitundu hivi na vile mpaka tangi litulie. Alfajiri petroli ni baridi, hivyo vakyumu ileile haikutosha kuichemsha. Kila alichosema mama kilikuwa kweli na kilikuwa na maana.

Tuliporudi nilifunga geji ya vakyumu kwenye mpira wa tangi, nikaendesha injini ya moto kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika huku mfuniko umefungwa. Ndani ya dakika chache sindano ilipita kilopaskali 12 na bado inaendelea. Vali ya umeme nilishaitilia shaka, maana ikikwama wazi inanyonya bila kipimo, lakini ilikuwa nzima: ukiipuliza bila umeme hewa haipiti, ukiipa volti 12 inagonga na kupitisha. Kopo lilikuwa chini, nyuma, karibu na tangi. Nikachomoa mpira wa mdomo wa tatu nikapuliza. Kama kupuliza ukuta.

Mpira ule unaishia juu ya boriti ya bodi, mahali pakavu pasiporukiwa na maji, na nyigu wa udongo hawapati pazuri zaidi ya hapo. Ndani, karibu na ncha, palikuwa na donge la udongo mgumu kama kipande cha kigae, limejaza mpira kuta zote. Nilipolivunja lilikuwa na vyumba, na ndani ya vyumba buibui waliokauka. Nyigu huyu huwachoma buibui wakapooza, anawapanga humo pamoja na yai, anaziba kwa udongo, funza akitotolewa anakuta chakula. Vijumba vilishaachwa, kwa hiyo donge lilikuwa la siku nyingi.

Asiyeamini kwamba mdudu anaweza kulisumbua gari, kampuni ya Mazda iliwahi kuwaita wateja warudishe kwa matengenezo makumi ya maelfu ya magari ya Mazda6 huko Amerika Kaskazini mwaka 2011, na mengine mwaka 2014, kwa sababu buibui wanaopenda harufu ya petroli walikuwa wanasokota utando ndani ya mpira huuhuu. Hofu ya kiwanda ilikuwa kwamba vakyumu ingelipasua tangi, petroli ivuje, gari liungue.

Lakini donge la siku nyingi lilikuwa linaniletea swali. Kwa nini gari lizime sasa na lisizime mwaka jana? Mfuniko wa tangi unaokuja na gari una vali ndogo kwa ndani inayoruhusu hewa kuingia vakyumu ikizidi, na hairuhusu mvuke kutoka. Ndiyo njia ya akiba. Niliugeuza mfuniko wa gari lile, nikakuta ni bati na mpira tu, hauna vali yoyote. Nikamuuliza mama. Ule wa mwanzo uliachwa juu ya pampu ya sheli, akanunua mwingine dukani, ukaingia vizuri, akashukuru. Baada ya hapo, akihesabu safari zake, ndipo matatizo yalipoanza. Hakuna fundi aliyemuuliza, na yeye asingewezaje kujua kwamba mfuniko unahusiana na kuzima kwa gari? Tangi lilikuwa na njia mbili za kuvuta hewa. Nyigu alishaziba moja, duka likaziba ya pili.

Nililifungua tangi pia, kwa sababu nyingine. Mama alikuwa analalamika harufu ya petroli ndani ya gari, na harufu hiyo ilianza baada ya pampu ya pili. Njia ya pampu kwenye gari hili iko chini ya kiti cha nyuma. Kiti kinatoka, unakuta kifuniko cha bati, chini yake plagi ya umeme na paipu. Kazi hii naifanya nje, kivulini, tangi likiwa chini ya nusu. Kwanza nachomoa plagi ya pampu injini ikiwa inaunguruma mpaka izime yenyewe, ili presha iishe kwenye paipu. Kisha natoa waya hasi wa betri. Simu hazikaribii, taa ya waya haikaribii, mtungi wa poda wa kuzimia moto uko pembeni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa chini, na hewa ikiwa na asilimia moja na nusu tu ya mvuke huo inatosha kushika moto. Kabla ya kulegeza bolti napuliza na kufuta vumbi lote juu ya pampu, la sivyo linaangukia tangini na kwenda kukaa kwenye chujio.

Nilichokikuta hakikunishangaza. Pete ya mpira inayoziba kati ya pampu na tangi ilikuwa ileile ya kiwandani, imetanuka, imerudishwa kwa nguvu na kujipinda upande mmoja. Pete hiyo ikishalowa petroli miaka yote hiyo inavimba, hairudi kwenye mfereji wake. Inabadilishwa kila tangi linapofunguliwa, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya pampu. Chujio la chini lilikuwa safi. Ile pampu ya kiwandani mama alikuwa ameihifadhi kwenye mfuko wa rambo, nami nikaipima waya zake, ikawa ndani ya kiwango cha omu 0.2 hadi 3.0. Nikaifunga na pete mpya, ikatoa 325 bila kutetereka. Ndiyo iliyorudi kazini. Ile mpya nikamrudishia kama akiba.

Kijana alikuwa na pendekezo, alilopewa na madereva wenzake: tutoboe mfuniko, au tulikate hilo kopo tuache mpira wazi, "mkaa wa kazi gani." Nalisikia hili kila mara na linaniuma, maana gari kweli linaacha kuzima na watu wanaona fundi wa namna hiyo ndiye mjuzi. Mfuniko uliotobolewa unamwaga petroli kwenye kona tangi likijaa, na unaingiza vumbi na maji. Kopo likikatwa, mvuke unatoka usiku na mchana, gari likilala uani karibu na jiko la mkaa au jenereta unajua kinachoweza kutokea. Na kuna kemikali iitwayo benzini ndani ya mvuke huo, inayojulikana kusababisha saratani ya damu; watoto wanaocheza pembeni ya gari ndio wanaoivuta.

Kopo lenyewe nililikagua. Lilikuwa jepesi, halina petroli ya maji ndani, hewa inapita midomo yote, mkaa haumwagiki. Likarudi. Lingekuwa zito, lingekuwa la kutupa, na mara nyingi linaharibiwa na kujaza tangi kupita kiasi: pampu ya sheli ikijikata, mhudumu anaongeza kidogo kidogo ili hesabu ifike elfu kamili, petroli inapanda mpaka kwenye mpira wa mvuke na kuulowesha mkaa. Nilimwambia mama mbele ya kijana kwamba ikijikata, wamalizie hapo.

Nilifunga mpira mpya wa mdomo wa tatu, nikauelekeza ncha chini, nikaiziba kwa wavu mwembamba wa waya ambao hewa inapita na nyigu hapiti. Mfuniko tulipata wa mtumba wenye vali, uliotoka kwenye gari la aina hiyohiyo. Niliujaribu kwa kunyonya kwa mdomo upande wa ndani na ukafunguka. Tukajaza tena mchana, geji juu ya kioo, tukapanda Saranda mpaka Manyoni. Sindano ilibaki 325 njia nzima, na Manyoni tulipofungua mfuniko tishu haikutikisika.